Malkia wa Kushi na Nyonga Zake

Alhamisi, 13 Machi 2025

...basi nikamwambia Joyceline, huyu binti anayesimamia mauzo yetu, mimi sikunji! Eti hivi vipochi vya kitambaa chenye picha ya malkia, tunavyoshona na kinamama hapa Granville, ughaibuni, malkia wake mnene mno. "Bibi Leokadia, kunja kitambaa pembeni, nyonga zisionekane. Wateja wa hapa wanapenda slim." Slim! Malkia wa Kushi huyo, kachongwa ukutani kwenye hekalu huko Sudan, miaka elfu mbili, kawakamata maadui nywele, upanga mkononi — na nyonga zake zote! Hakuna aliyemkunja. Ndiyo uje umkunje wewe, na laptop yako?

Ijumaa, 14 Machi 2025

Hii simu inanisikia kweli? Taa nyekundu, inarekodi. Haya.

Bibiane, mwenzetu kikundini, yeye kakunja. Mkongomani wa watu, mpole, "maman, tusigombane." Nikamwambia lete nikione. Nikakigeuza — we! Upanga hauko! Umeingia kwenye mshono, na mkono wake. Maana malkia kaunyoosha huku pembeni, ukiondoa nyonga na silaha inaondoka. Kabaki mwanamke mwembamba kainua bega, kama anasimamisha basi kituoni hapo Lidcombe.

Mimi nilipoolewa kule nyumbani Kamachumu niliwekwa ndani ninenepe. Nakula, nakunywa maziwa, jembe sishiki. Siku ya kutoka mama mkwe akanizungusha kwa majirani — mtazameni! Nilijaa mlango mzima. Marehemu mume wangu alicheka huyo... Nilikuwa nasema nini? Ee, Joyceline. Kasema asiyekunja, vyake havikai mezani kesho sokoni. Na kikundi atafute kingine.

Kikundi nilikianzisha mimi, na cherehani yangu!

Jumamosi, 15 Machi 2025

Sokoni. Upepo huo! Meza ya kikundi, vyembamba vitupu. Mimi nimetandika kanga yangu chini, pembeni kabisa mwa meza, malkia wangu wote na panga zao. Sijauza hata kimoja. Joyceline ananitazama kama nimekuja uchi. Shauri yake.

Bibiane kaja, kainama, anajifanya kunisalimia — kaniachia kipochi chake kwenye kanga. Kakifumua! Nyuzi zinaning'inia, kimekaa vibaya, lakini mkono upo. Upanga upo. Nikamwambia kaa basi. Kakaa! Chini, na sketi yake ya kanisani.

Joyceline kaona. Anaita huyo, mbele za watu — "Bibi! Njoo hapa. Na hiyo kanga uikunje kabisa."

Naenda. Bibiane, keti hapo hapo. Kukunja, sikunji.