Ile Kwikwi Haikuwa Pambo

Papa Gaspari,

Nimekasirika, na wewe pia nimekukasirikia. Tangu tukuzike, aliyeachiwa kwaya yetu ya mtaa wa Kadutu ni Fidele, mpwa wako. Ana sauti nzuri na bidii, sikatai. Lakini Jumamosi nilimkuta akiwafundisha wanaume wapya ule wimbo wa kale wa Pasaka uliofundishwa wewe ulipokuwa seminari, wenye Aleluya ndefu inayokimbia kupanda na kushuka. Walipofika katikati ya ile mbio, wote wakakata sauti ghafla, kama wameshikwa na kwikwi, kisha wakaendelea. Wameipa hata jina: kwikwi ya Papa. Fidele anasema ndilo pambo gumu kuliko yote uliyotuachia.

Pambo gani? Kile kilikuwa kifua chako kinabana.

Kabla hujaugua, ile mbio yote uliipita kwa pumzi moja, kila noti ikisikika peke yake, hakuna iliyoburutwa. Ulitufundisha kwa ungo wa maharage: tunapepeta huku tunaimba, mikono ikilegea na koo nalo lilegee. Mkeo alitugombeza kwa maharage yaliyomwagika. Na tukirudia ubeti, ilikuwa marufuku kuupamba kama mara ya kwanza, au kama ulivyoupamba wewe. "Hii iko yangu," ulikuwa ukisema. "Weye leta yako, mutoto."

Basi nilisimama nikawaimbia bila kukata. Fidele akafunga kitabu.

"Papa alikuwa anaimba hivi mpaka kufa," akasema. "Weye unajifanya nani?"

Wengine walinitazama kana kwamba nimekanyaga kaburi lako. Nimeambiwa nisirudi kwenye kwaya mpaka niombe radhi. Siombi.

Ila aliyeanza ni wewe. Ulitusikia tukikuiga. Pasaka ile ya mwisho nusu ya kwaya ilikata pumzi pamoja nawe, nikakutazama nikingoja uwakemee, wewe uliyekuwa ukitusimamisha kwa noti moja tu iliyoburutwa. Ukatabasamu. Kwa nini, Papa? Uliona aibu kusema unaumwa? Au ulifurahi kwamba hukuachwa peke yako katikati ya wimbo? Nikifikiria hilo la pili nalia, halafu hasira inarudi, maana sasa watu wazima wenye mapafu mazima wanajifunza ugonjwa.

Wachache wamenifuata. Mkeo ametuachia ua wa nyumba yake, tunafanya mazoezi humo jioni baada ya kazi. Kila mmoja anahangaika na Aleluya yake, nyingine mbaya kweli. Wananiuliza wewe uliipambaje. Nawajibu kwamba sikumbuki, nami nakumbuka kila noti.

Pumua sasa, Papa, hakuna anayekuharakisha. Nami nakuahidi: hakuna hata mmoja wao atakayeimba kama wewe.

Mwanafunzi wako,
Bonifasi