Kaptula Haiendi Nairobi

Jumapili jioni, Malaba. Mvua ilitukuta njiani na imekatika sasa hivi. Nguo zangu zimelowa upande wa kulia tu. Nina hasira, na sina haraka ya kuipoza. Acha niandike ikiwa bado moto.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza, mimi ni Nabwire. Nina gesti ndogo hapa Malaba, na wateja wangu ni madereva wa malori wanaongoja foleni ya mpaka isogee. Pia nina gari. Ni gari la spoti la Kiingereza, la zamani, viti viwili, paa la turubai. Marehemu baba alikuwa karani wa reli, akalipata kwa injinia Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Watu wa kwetu Busibwabo walitazama lilivyokatwa juu wakaliita Kaptula. Jina likashika.

Leo ndugu yangu mkubwa, Wandera, aliitisha kikao cha familia ili Kaptula iondoke. Kuna mtu wa Nairobi anayekusanya magari ya zamani. Amekubali kubadilishana: yeye apewe Kaptula, sisi tupewe gari la Kijapani la milango mitano, lile ambalo nyuma unaweza kulaza ndama. Atakuja kuichukua Kaptula kesho kwa lori. Mimi niliambiwa nipeleke funguo nyumbani.

Nilizipeleka. Zilikuwa kwenye swichi, injini ikinguruma.

Asubuhi kabla ya kutoka nilikuwa tayari nimebishana na mtu. Salongo, dereva wa lori kutoka Kampala, amelala kwangu siku kadhaa akisubiri karatasi za mzigo, na hawezi kuiona Kaptula akanyamaza. Aliizunguka na kikombe chake cha chai, akatingisha kichwa, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Nnyabo, gari lazima iwe na uzito. Hii yako ni baiskeli imevaa koti."

Nikamwambia uzito ndio unaompeleka mtu mtaroni, maana kona inageuka na uzito unataka kwenda mbele. Nikamwambia aingie. Ni mtu mkubwa, ilibidi akunjwe, magoti yakafika karibu na kidevu. Tukaenda hadi Amagoro tukarudi.

Niseme jambo moja kuhusu uendeshaji wa gari hili, kwa sababu wengi wanalisema vibaya na hawajawahi kukalia kile kiti. Unakaa chini kabisa, matako jirani na lami. Usukani ni mwembamba, na kila kijiwe kinachopita chini ya tairi unakisikia mkononi. Breki unaimaliza kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Ukishaingia unakanyaga mafuta polepole, na gari linatulia kwa nyuma kama kuku anayekalia mayai, linageuka bila kulalamika. Gia ni kijiti kifupi kama kidole. Unaibadilisha kwa kiganja tu, kiwiko hakitoki mahali pake. Magari ya siku hizi yanakubembeleza mpaka unasahau kwamba uko barabarani. Hili linakwambia ukweli.

Salongo alishuka akishika kiuno.

"Nnyabo, mara ya mwisho kuona lami karibu hivi, nilikuwa nimeanguka na pikipiki."

Hakubadilisha msimamo wake. Mimi pia sikubadilisha wangu. Nikashika njia ya Busibwabo.

Wandera ni mwalimu, na kikao alikiendesha kama darasa. Alisimama mbele ya nyumba ya Mama, shangazi na wajomba wamekaa kwenye viti vya plastiki, Kaptula imeegeshwa pale pale uani kila mtu aione. Akaanza kuhesabu dhambi zake. Inavuja oili popote inaposimama, kuku wanakanyaga na kuingiza ndani. Paa linavuja. Vipuri hakuna, ukitafuta Busia hukosi kuchekwa, na fundi lazima achonge mwenyewe. Tuta likiwa refu kidogo, egzosi inalia.

Kisha akanigeukia.

"Nabwire, wewe ni dada yangu na sikukosei heshima. Lakini hiyo gari inabeba watu wawili. Mama akigonjeka, watu wa kumshikilia watakaa wapi? Tukipata msiba, mwili tutaweka wapi? Gari haiwezi enda matanga, hiyo ni gari ya nini?"

Wazee wakaguna kukubali.

Yote ni kweli. Nisijifanye hapa kwenye blogu yangu mwenyewe. Njia ikiwa na matope, mkia wa Kaptula unacheza kabla sijamaliza kusema Baba Yetu. Egzosi imegonga kila tuta kutoka Malaba hadi Busia, na nayajua yote kwa mlio. Kama ungekuwa mdahalo wa shule, Wandera angepewa kombe.

Sikushinda. Nilikataa tu.

Kabla ya Kaptula kuja mikononi mwangu nilikuwa na pikapu. Wanaonijua wanaikumbuka, kwa sababu wote waliipanda. Ilibeba mahindi ya mjomba, kwaya ya kigango, wagonjwa, majeneza, mbuzi wa mahari. Mtu akiniuliza "unapita wapi?" hakuwa anauliza, tayari alikuwa ameshika mlango. Siwalaumu. Kwetu gari ni la mwenye shida, nami nimewahi kuwa na shida nikabebwa. Lakini miaka yote ile sikuwahi kuiendesha kwenda mahali nilipotaka mimi. Siku injini ilipokufa nilisikitika mbele ya watu, wakanipa pole, kisha nikaingia chumbani nikafunga mlango na kucheka mpaka machozi.

Leo nilisimama nikawaambia hivyo hivyo. Kwamba nimewabeba na mgongo umechoka. Mgonjwa akiwepo tutakodi gari na nitachanga kama wengine. Lakini hiki kiti kimoja siwapi.

"Huo ni uchoyo," Wandera akasema. Halafu akamwingiza marehemu Baba kwenye maneno. "Na umetoa kwa Baba. Hata yeye alikuwa anatuacha hapo kwa geti. Alisema mtoto akikaa kwa mapaja ya Mama atasumbua gia. Gari inakataa hata mtoto mchanga, sasa hiyo ni gari ama ni laana?"

Hilo nalo ni kweli. Kila Jumapili baada ya Misa, Baba na Mama walikuwa wakipanda Kaptula wakaenda hadi Malaba na kurudi. Sisi watoto saba tulibaki getini tukilia. Hakupanda mtoto, hakupanda kuku, hakupanda hata kifurushi cha sukari. Gia inataka nafasi, Baba alisema, na sisi tuliamini kama tulivyoamini katekisimu. Nimekua nikiamini. Nimeliendesha gari lenyewe nikiamini.

Nikajikuta nautazama mkono wangu wa kushoto.

Kiwiko hakitoki mahali pake. Gia ya Kaptula haitaki nafasi yoyote. Mtoto angekaa. Hata wawili wangekaa.

Nikamgeukia Mama. Muda wote alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, na sote tulimhesabu upande wa Wandera, kwa vile ni yeye mwenye magoti mabaya na kliniki kila mwezi. Alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Gia haikuwa na shida," akasema. "Nimezaa nyinyi saba. Nimekaa na mtoto kwa mapaja kanisani, sokoni, hospitali, hata kwa matanga ya mama yangu. Baba yenu akaniambia, hapa utakaa wewe peke yako. Hiyo maneno ya gia tulitunga sisi wawili."

Wandera, mwalimu mzima mwenye mvi, alikuwa na uso wa mtoto aliyeachwa getini, na kwa kweli nilimwonea huruma.

"Sasa Mama, ukigonjeka?"

"Nikigonjeka mtatafuta gari. Mko saba."

Akaweka ungo chini, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amefunga kitambaa kichwani na kushika mkoba wake wa Misa. Akatembea polepole hadi kwenye Kaptula, akafungua mlango wa kushoto mwenyewe, akajishusha kwa kushikilia juu ya kioo kama mtu anayejua pa kushika.

"Nabwire, twende kabla ya mvua."

Wandera akauliza atamwambia nini mtu wa Nairobi. Mama alikuwa anakaza kitambaa.

Mvua ilitukuta kabla ya Malaba. Turubai likaanza kuvuja upande wa dereva, na Mama akaniambia Baba naye alikuwa anarudi hivi hivi, bega la kulia limelowa, halafu anasema ni jasho. Kwenye kona nilipunguza mapema nikakanyaga mafuta polepole kama inavyotakiwa. Nilimtazama mara moja tu. Mkoba alikuwa ameuweka chini miguuni. Mikono ilikuwa juu ya mapaja, na mapajani hapakuwa na kitu kingine.

Sasa yuko kwenye varanda anakunywa chai na kumwambia Salongo kwamba lori lake lina kelele. Funguo ziko mfukoni mwangu. Wandera amepiga simu, atapiga tena, na nitapokea nikijisikia. Naweza kuitwa mchoyo nikaishi.

Kesho mtu wa Nairobi atafika Busibwabo na lori lake. Pale uani, mbele ya nyumba ya Mama, atakuta doa jeusi la oili. Akipenda apakie hilo.