Viatu Ambavyo Hatukukununulia

Germantown, Maryland
Jumapili, 18 Oktoba 1998

Nyanya mpendwa,

Leo nitakueleza yote, hata lile ambalo Mama ameniambia nisikuandikie. Kama ni kukosea, afadhali nikosee kwa kusema.

Jana tulikwenda kukununulia viatu. Tuliondoka asubuhi kwa gari la Mama Mwende, jirani yetu kutoka Machakos, tukaelekea magharibi mwendo wa karibu saa tatu mpaka vilima vikawa milima. Nilifungua dirisha. Ilikuwa baridi ya Wundanyi kabisa, ile inayoingia puani na harufu ya majani. Nilitaka kukuita uje uone.

Lakini mji wenyewe, sijui nikuelezeje. Uko Marekani na umevaa Ujerumani. Nyumba zote zina paa lililochongoka, roshani za mbao na maua madirishani. Wanawake madukani wamevaa sketi pana na vizibao vilivyotariziwa. Kuna duka linalouza mapambo ya Krismasi mwaka mzima, na jingine la saa za ukutani tu. Nilisubiri zigonge saa sita. Ndege wa mbao zaidi ya ishirini walitoka kwenye vijumba vyao kuita, na hakuna wawili waliotoka pamoja.

Kwenye duka la viatu nilimwuliza mwuzaji kama ametoka Ujerumani. Alicheka. Alizaliwa pale pale, na babu yake alichimba makaa ya mawe. Mgodi ulipofungwa watu wakaanza kuhama, basi waliobaki wakakubaliana kuzichonga na kuzipaka rangi nyumba zao hivyo, ili wageni waje. "Ikifika saa kumi na moja navua hii, navaa jinzi," aliniambia. Tangu jana nawaza: siku Wundanyi tukikosa kabichi za kuuza, sisi tutajivika nchi gani?

Mama Mwende hakuwaza hayo. Alichukua kofia na kuuliza bei ya mwisho. Mwuzaji akamwonyesha kikaratasi cha bei. Mama Mwende akatugeukia na kusema kwa Kiswahili, "Mji mzima ni wa kuigiza, bei tu ndiyo ya kweli?"

"Wewe, utatufukuzisha!" Mama alisema huku akicheka. Nakuandikia hilo kwa sababu hakucheka tena siku ile.

Nilitoa zile nyuzi mbili ulizotuma kwenye barua ya Agosti. Unakumbuka tulivyokuwa tukishuka Voi kununua viatu vya shule? Ulinisimamisha ukutani, ukapima mguu wangu kwa uzi wa mgomba na kufunga fundo penye kisigino na penye kidole gumba. Dukani uliutia uzi ndani ya kiatu na kuupapasa kama daktari. Mwaka ule nilipovipenda vile vyekundu nikaapa havinibani, ulisema, "Mtoto ana mdomo. Uzi hauna." Ukanunua vyeusi. Nililia mpaka Mwatate.

Nami nikafanya kama wewe. Mwuzaji akauliza, "Hiyo ni nini?"

"Mguu wa nyanya yangu," nikamjibu. Akamwita mwenzake aje aone.

Nilikuchagulia kiatu cha sufu nzito, cha kijivu, laini ndani kama tumbo la paka. Uzi wa urefu ulilala vizuri. Kisha nikajaribu uzi wa pili, ule ulioupima kwa kuuzungusha juu ya mguu, penye kamba za kiatu. Kiatu kilikuwa chembamba mno. Nikaomba namba kubwa, na kubwa zaidi. Kilipotosha kwa unene, kwa urefu kilikuwa mtumbwi.

"Mama wa watu alipima na soksi mbili," Mama Mwende alisema. "Baridi ya kwao si mchezo!"

Mama alivua kiatu chake, akauzungusha uzi kwenye mguu wake mwenyewe, ambao sote tunajua ni mguu wako, hata kucha. Uzi ulilegea, vidole vyake vitatu vikapita katikati. Unajua kazi yake ni kuwavisha wazee katika nyumba ya kuwatunza. Kila asubuhi miguu ya watu inapita mikononi mwake.

"Huu si unene," alisema. "Haya ni maji yaliyojaa mguuni." Halafu akaniuliza, "Ametupimia mguu mmoja tu. Ni upi?"

Barua yako haikusema. Tulirudisha viatu.

Garini Mama alisema, "Usimwandikie haya. Akijua tumejua, atazidi kujificha."

"Si umpigie simu?"

"Nikimpigia ataniuliza kama nimekula."

Mama hawezi kuja huko mwenyewe mpaka karatasi zake za kuishi Marekani zikamilike. Akitoka sasa hataruhusiwa kurudi. Kwa hiyo atapiga simu dukani kwa Mama Mghoi, amwombe akupeleke hospitali. Ukimwona Mama Mghoi anakuja amevaa nguo za safari, tafadhali Nyanya, usimwambie una kazi shambani.

Mimi nafikiri tofauti na Mama. Kwenye simu wewe husema u mzima. Lakini ulikuwa mwalimu, na hujawahi kuliacha swali langu la maandishi bila jibu. Leo baada ya kanisa nilimwomba Mama anionyeshe wanavyopima maji ya miguu kazini. Alibonyeza mguu wangu, na ngozi ikarudi pale pale. Nikamwuliza ingekuwaje kama isingerudi. Alinyanyuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nakubusu mikono yote miwili, na ng'ombe msalimie. Sasa fanya hivi. Jioni ukimaliza kukama, kaa kitandani, bonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, hesabu mpaka tano, achia. Likibaki shimo, hesabu tena pole pole mpaka lifutike. Fanya miguu yote miwili. Nyanya, umefika ngapi kwa mguu wa kulia, na ngapi kwa wa kushoto?

Mjukuu wako wa kwanza