Sauti ya Wimbo wa Saba

Harlow Fork, Kentucky
Septemba 2, 1988

Mdogo wangu Wendell,

Salamu zikufikie huko Dayton, wewe, Faye na mapacha. Mgongo wako unaendeleaje tangu wakuhamishie kwenye ile mashine nyingine kiwandani? Huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, na ole wake anayejaribu kumshika. Mvua imetunyima mwaka huu. Mahindi yamekaukia yakiwa mafupi, maharage ndiyo yametuokoa.

Najua umesikia ya maonyesho ya wilaya, na najua umeyasikia vibaya, maana aliyekupigia simu ni binamu yetu Doyle, na Doyle anajua kupiga banjo kuliko kusimulia. Basi keti, nikueleze mimi.

Albamu yetu, kama ujuavyo, ilitoka Aprili. Ilikuwa ya kwanza, na tulikuwa wanne tu: mimi na gita langu, Doyle, Junie Combs na fidla yake, na mumewe kwenye besi. Tulijiita Wana Sizemore, kwa jina la ukoo wa Mama, nawe ukaninunia. Ukaniuliza jina la Baba limenikosea nini. Nikakujibu kwamba Tackett halitamkiki vizuri redioni. Ulikuwa uongo, na sababu yake utaiona.

Gazeti moja la Louisville liliandika kwamba tunaimba kama watu wanaogombana zizini. Junie alilia siku nzima. Wiki mbili baadaye, mwandishi wa Nashville akasema hajasikia muziki wa kantri wenye ukweli namna hii kwa muda mrefu, na Junie yuleyule akapanda juu ya kiti pale saluni anakofanya kazi, kuwasomea wateja huku vichwa vyao vimejaa povu. Albamu ikaanza kununuliwa, kwanza kwenye miji ya migodi, halafu mpaka Texas. Lakini kila mtu aliuliza swali moja: ni nani yule mwanamume anayeimba wimbo wa saba, "Nipokee Nikitoka Shimoni"? Jalada linasema "mwimbaji mgeni", basi. Hata wewe uliniuliza. Nikakwambia ni mtu wa wilaya ya jirani, hapendi kujulikana.

Na unajua ni nani aliyeupenda wimbo ule kuliko wote? Clovis Ratliff wa redio.

Jina lake unalijua, lakini siku aliyotufanyia alichotufanyia ulikuwa na miaka miwili, umepakatwa na Mama. Mimi nilikuwa na tisa. Baba alikuwa amekwenda Huntington kurekodi santuri, akaipeleka kituoni mwenyewe, amevaa shati lake la kanisani. Asubuhi ya Jumatatu tukakaa jikoni kusikiliza. Clovis hakuufikisha wimbo hata katikati. Alisema sauti ile ni ya ndama aliyenasa kwenye seng'enge, kisha akaisogeza santuri karibu na kipaza sauti na kuivunja, ili wilaya nzima isikie inavyolia. Akacheka. Baba aliendelea kutafuna mkate wake wa mahindi kana kwamba amezungumziwa mtu mwingine.

Wiki ile wenzake walimpokea kwenye mlango wa mgodi wakilia kama ndama. Wakaendelea hivyo kwa miaka. Baba hakuimba tena. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo na kufumba mdomo. Wewe umekua ukiamini kwamba baba yako hakujaliwa sauti. Halafu vumbi la makaa likamla mapafu, tukamzika.

Sasa fikiria, Wendell: Clovis huyohuyo, kila asubuhi, anaupiga wimbo wa saba. "Jamani," anasema, "miaka arobaini nimekaa kwenye kiti hiki, sijasikia sauti kama hii. Huyu bwana yuko wapi? Nani alitufichia?" Mimi naosha vyombo huku nacheka peke yangu mpaka povu linanirukia usoni.

Tulipoalikwa kupiga kwenye maonyesho, siku ambayo Clovis angetunukiwa ngao na jukwaa kupewa jina lake, ulihisi kitu ukanipigia simu. Ulisema, "Dada Nadine, yule ni mzee. Mwache afe na ujinga wake." Nilikujibu kwamba nimekusikia. Na kweli, nilikuwa nimekusikia.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, uwanja umejaa mpaka kwenye mabanda ya nguruwe, na kituo kinatangaza moja kwa moja. Tuliimba nyimbo sita. Clovis akapanda na kofia yake nyeupe, akanishika bega, akaniomba wa saba. Nikamwambia mwimbaji hakuweza kuja.

"Basi nipe jina lake tu, binti yangu," akasema, na watu wakacheka. "Nitamwendea mwenyewe kwa magoti."

Nikashika kipaza sauti. "Anaitwa Orville Tackett," nikasema. "Ni baba yangu. Ndiye yule ndama wako wa kwenye seng'enge, uliyemvunjia santuri yake hewani. Ukitaka kumwendea kwa magoti, yuko makaburini nyuma ya kanisa."

Ndiyo, mdogo wangu. Yule ni Baba. Shangazi Icie alikuwa ameificha nakala nyingine ya santuri ile katikati ya mablanketi miaka yote hii, akanipa wakati wa baridi. Fundi wa studio aliisafisha mikwaruzo, nasi tukapiga taratibu nyuma ya sauti yake. Umekuwa ukimsikia baba yako tangu Aprili.

Nilitaka Clovis ainame kwa aibu. Badala yake alikunja uso, akaniuliza kwa sauti ndogo, ila kipaza sauti kiliidaka, "Tackett yupi? Santuri nimevunja nyingi, mama. Ulikuwa mchezo wa kipindi."

Hakumkumbuka! Baba alimeza kile kitu mpaka kaburini, na mwenzake alikisahau kabla ya chakula cha mchana.

Lakini uwanja ulikumbuka. Mzee Burl Hensley, aliyekuwa mgodini na Baba, alivua kofia akasema kwa sauti kwamba yeye ni mmoja wa waliomlilia Orville kama ndama, na Mungu amsamehe. Kisha mtu huko nyuma akalia kama ndama. Akafuata wa pili. Mara uwanja mzima, wanawake kwa watoto, wanamlilia Clovis Ratliff, na redio inarusha. Alisimama akisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia, halafu akashuka bila ngao. Jukwaa halikupewa jina. Kituo kinasema amechukua mapumziko. Akipita dukani, watoto wanamlilia, nami siwakatazi.

Nilirudi nyumbani nikiendesha gari madirisha wazi, naimba. Nilimkuta Mama jikoni, redio imezimwa. Nikaanza kumweleza kuhusu ile sauti. Akaniinulia mkono.

"Nilimtambua asubuhi ya kwanza," akasema. "Ulidhani nimemsahau Orville? Nilikuwa nasubiri uniambie."

Akasema kwamba tangu Aprili ameamka kila siku, amechemsha kahawa, amekaa kumsubiri mumewe aimbe, na aliyekuwa akimletea ni Clovis. Sasa Clovis hayupo, na yule kijana aliyewekwa mahali pake anapiga nyimbo za mjini tu.

Nikamwambia albamu tunayo ndani, nitamwekea hata mara mia.

"Hiyo ni yangu mimi na wewe," akasema. "Redioni alikuwa anaimbia watu. Ndicho alichotaka, Nadine. Mlikuwa mnamfanyia, wewe na yule mpumbavu, mpaka ulipomgeuza baba yako fimbo."

Tangu siku ile ananijibu ya chakula na ya kuni tu. Nakiri kwako peke yako, Wendell: nimejaribu kujuta, sijaweza. Clovis akisimama tena pale mbele yangu, nitayasema yaleyale, na kwa sauti kubwa zaidi. Lakini usiku ule nilimsikia Mama chumbani kwake akiuimba wimbo wa saba polepole, na alipofika katikati alinyamaza, kwa sababu maneno yaliyobaki hayajui vizuri bila Baba kumtangulia redioni.

Mpigie simu. Mimi hataki kuzungumza nami. Mbusu Faye, uwakumbatie mapacha kwa ajili yangu, na jihadhari na mgongo huo.

Dada yako akupendaye,
Nadine Tackett