Soupape ya Rénovat na sala ya bamama

Espérance, usipige simu, soma tu. Rénovat, bwana ya Inamahoro, leo alikaribia kuua bamama bote ba sala.

Unajua ile kompresa yake nyuma ya nyumba, anajaza nayo upepo mu mipira ya mapikipiki ya hapa Misisi. Bamama balikuwa ku salon, mu nyumba, banaomba, kompresa ikaanza kupiga filimbi. Mama Iteka, mwenye kuongoza sala, akafungua macho: "Rénovat, hiyo kintu yako inashinda sauti yetu."

Rénovat akaona haya. Akakata kipande cha mpira, akafunga nacho soupape. Soupape, Espé. Njo ile inatoa upepo ukizidi, njo ilikuwa inapiga filimbi. Akaifunga kabisa.

Ikanyamaza. Bamama bakasema asante Yesu.

Akabaki pale, amefurahi. Kisha akaona mushale wa kipimo cha upepo umepita alama nyekundu, unapanda tu, na moteri haijizime. Akazima groupe ya umeme, akakimbilia salon: "Mutoke. Mutoke bote, sasa hivi."

Mama Iteka akamuuliza kama bamalize kwanza zaburi. Zaburi.

Bakalala chini mbali, mu shamba ya muhogo. Rénovat akataka kurudi kufungua ule mpira. Inamahoro akamushika shati: "We baki hapa. Usiiguse."

Bakangoja. Mwisho ule mpira ukakatika wenyewe, soupape ikafunguka, filimbi ikalia mpaka ku barabara.

Rénovat akaanza kuomba bamama musamaha juu ya kelele.

Mama Iteka, uso ungali mu udongo, akasema: "Acha ilie."