Jicho la Sakoshi Yako

Mama,

Sakoshi yako, ule mkoba wako wa mnyororo, ninayo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula. Ipo hapa mezani, juu ya kitambaa, si chini. Vyuma vyake vimekuwa vyeusi, na hilo nitakueleza polepole. Lakini haikuchomwa.

Ninakuandikia kwa Kiswahili cha shule, kile ulichokuwa unakicheka. "Mamu, unasema sawa redio." Nivumilie. Kile cha nyumbani kikinijia kinakuja na sauti yako, na nikiisikia siwezi kuendelea.

Bado ninafanya kazi ile ile ofisini, ya kuandikisha watoto wanaozaliwa. Bado ninasoma kila jina mara tatu kabla ya kupiga muhuri, na mkubwa wangu bado ananitania mbele ya watu: "Mademoiselle, unaandika sawa muntu mwenye kuvuka mto Lufira na miguu." Wanacheka. Hawajui kwamba tangu ulipokufa hofu yangu imeongezeka. Simu ikilia asubuhi, ninaiacha ilie kwanza. Mtu akiniita kwa jina langu lote, ninafikiri ni habari ya Baba.

Nakumbuka zile Jumamosi mchana. Ukimaliza kufua uliketi barazani, sakoshi magotini, kama mtoto anayesubiri kusukwa nywele. Uliifuta kwa kipande cha singileti ya Baba, kikavu, kamwe si chenye maji. Kwanza mnyororo, pete moja moja. Kisha kifungo kikubwa cha mbele. Kisha vile vijiguu vya chini, ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviona isipokuwa wewe na mimi, kwa kuwa hukuiweka chini hata siku moja. Kanisani uliipakata. Kwenye matanga ya watu uliitundika mkononi hadi mkono unakufa ganzi. "Iko na miguu," ulisema, "lakini haitembeake."

Halafu ulifungua chupa ya verni ya kucha, ile isiyo na rangi. Ukapaka kifungo tabaka jembamba, ukapuliza, ukasubiri, ukapaka tena. Kucha zako mwenyewe hukuzipaka. Mama mmoja wa kwaya alikuuliza verni ni ya nini basi, ukamjibu, "Kucha yangu inasuguaka nyungu. Bibi wa nyumba njo huyu." Alicheka mpaka akashika mti wa uzio.

Nilijifunza sheria zako bila kujua ninajifunza. Manukato ujipulizie kwanza, sakoshi uichukue baadaye. Funguo zikae katika kimfuko chao. Ikienda kulala, mnyororo uviringishiwe kitambaa usije ukakwaruza kifungo. Na kamwe, kamwe isifungwe ndani ya sachet, ile mifuko ya plastiki. "Sachet inatoa jasho. Hata weye, nikikufunga mu sachet, utaoza." Siku ambazo upepo ulitoka upande wa viwanda na koo likatuwasha njiani, ulikuwa ukifika nyumbani unafuta vile vyuma kabla hata ya kuvua viatu. Ulisema hewa ya kwetu ina meno.

Siku moja nilikuuliza kwa nini unajisumbua hivyo, wakati sinia la shaba la Babu linasuguliwa kwa ndimu na majivu na linang'aa kama jua. Ukanishika mkono, ukaupitisha juu ya kifungo. "Iyi si shaba, Mamu. Ni ngozi tu ya manjano. Shaba unaisugua, inakushukuru. Iyi ukiisugua, inakufa."

Na palikuwa na mahali pale ambapo ngozi ilikwisha kufa. Pale kidole gumba chako kilipobonyeza kila ulipofungua, miaka yote, tangu Baba aliporudi nayo kutoka Lubumbashi. Padogo, kama punje ya maharagwe. Ulipapaka verni kuliko mahali pengine pote, tabaka juu ya tabaka, ili pasiendelee kuliwa.

Ulikufa mvua zilipoanza. Hospitalini walisema figo. Mengine ya siku zile siyaandiki, ulikuwepo.

Tantine Alphonsine alikuja kwa matanga, akabaki. Sitaki umfikirie vibaya. Dada huyu wa Baba ndiye aliyepika kwa watu wote, ndiye aliyemlazimisha Baba kumeza uji. Ndugu walipotangaza kwamba wanakuja kwa kuondoa matanga, alitaka vitu vyako viwe na heshima wakivitazama. Akafua vitenge vyako. Akapaka viatu vyako rangi. Kisha akachukua ndimu na majivu.

Mama, unaijua Likasi yetu, mji wa shaba. Mtu wa hapa akiona chuma cha manjano, mkono wenyewe unatafuta ndimu. Tantine alizaliwa mtaa wa Panda, baba yake aliletwa kutoka Kasai kwa ajili ya shaba, na utoto wake wote ulikuwa ni kusugua. Nilitoka kazini nikaikuta mezani inametameta kama kitu cha dukani, na nyumba nzima inanuka ndimu. Alikuwa na furaha. "Ona! Mama yako angeona!" Nilishukuru. Alipoifunga ndani ya sachet na kukaza fundo, nilisema kwa sauti ndogo kwamba wewe hukuwa unaiweka ndani ya sachet. Akanipiga begani kwa mapenzi, akatucheka sisi wa ofisini. "Bantu ya biro! Munaogopaka mpaka sachet!" Akaipandisha juu ya kabati. Ndugu walikuja, wakaitazama ndani ya sachet yake, wakaondoka.

Baada ya hapo miguu ya Baba ikaanza kuvimba. Alikuwa akitembea kutoka chumbani hadi barazani, anapumzika katikati kama mtu aliyepanda mlima. Na katika majuma hayo hayo Tantine akafungua sachet.

Vyuma vyote vilikuwa vyeusi. Kwenye pete za mnyororo palikuwa na kijani, kama ukungu. Kifungo kilikuwa cheusi pande zote, isipokuwa mahali pamoja. Pale pa kidole chako. Verni yako ilikuwa imekataa ndimu, ikakataa majivu, ikakataa jasho la sachet. Palikuwa pamebaki safi, panang'aa, katikati ya weusi.

Mimi nilipopaona nilitaka kucheka kwa furaha. Tantine aliidondosha sakafuni. Akamwita Mama Rebeka, yule anayeongoza maombi kwenye avenyu yetu. Mama Rebeka hakuigusa. Aliinama, akatazama, akasema polepole, "Angalieni, bandugu. Fasi yote iko mweusi. Jicho moja inabakia wazi. Inaangalia nani? Inaangalia baba wa nyumba."

Wakaamua ichomwe Jumapili, baada ya ibada.

Siwezi kukudanganya: niliogopa kama wao. Nilisoma, najua asidi ni nini, lakini nilipokuwa peke yangu sebuleni sikuweza kuitazama kwa muda mrefu. Nilijiuliza, je, kama wanaona kitu nisichokiona? Na Baba akifa kwa sababu mimi nilipenda sakoshi? Hofu hiyo haijaisha. Ninaandika na bado ninayo.

Jumapili jiko la mbabula lilikuwa limewashwa uani, makaa mekundu tayari. Ndani tulikuwa sisi wanne: Baba kwenye kiti chake, Tantine, Mama Rebeka, mimi. Waliimba. Waliomba. Tantine aliponyanyuka kuichukua, ulimi wangu ukatoka wenyewe.

"Tantine, ni ndimu."

Akageuka. "Ndimu nini?"

Nikamwambia kwamba si shaba, ni ngozi tu, na kwamba ndimu ilibaki ndani ya matundu ya vyuma, ikafungiwa na unyevu. Uso wake ulibadilika, Mama. Sikuona hasira kwanza, niliona hofu, kwa sababu kama ni ndimu basi ni mkono wake. Hasira ilikuja nyuma. "Weye njo utanifundisha minye kusugua shaba? Minye muzaliwa wa Panda? Minye nilisugua mbele mama yako ajue njia ya Likasi!"

Mama Rebeka hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mutoto, ndimu inachoraka jicho?"

Hapo nikakosea. Nilitaka kukutetea, na nikasema neno baya kuliko yote niliyoweza kusema katika chumba kile. Nikasema, "Ile si jicho. Ni kidole cha Mama."

Mama Rebeka akapiga makofi mara moja. "Munasikia? Ni yeye mwenyewe amesema! Kidole ya mufu iko ndani!"

Tantine akaanza kulia na kuliita jina la Yesu. Nilitaka kurudisha maneno yangu, lakini yalikuwa yamekwisha kukaa mle ndani pamoja nasi, kama mgeni wa tano. Ndipo Baba akanyoosha mkono.

"Letea ile kintu."

Akaiweka magotini. Akaweka kidole gumba chake pale. Hakikutosha, kidole chake ni kikubwa. Akajaribu kwa upande. Akakaa hivyo, kichwa chini, na miguu yake iliyovimba imetandazwa mbele kama si yake.

"Ni yeye," akasema.

Tantine akasogea kuichukua kwenda motoni. Baba akaishika kwa mikono miwili. "Hapana moto. Bibi yangu hamutamuchoma." Kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa ya mtu anayesikia baridi. "Mamu, beba. Lakini mu nyumba yangu isilale tena. Minye niko mugonjwa."

Sikujua kama amenipa sakoshi au amenifukuza. Mlangoni Tantine alimalizia: "Mwenye kubeba, na yeye aende nayo." Nilisubiri Baba amkatalie. Baba alikuwa anatazama miguu yake.

Basi nikaenda nayo.

Sasa nina chumba hapa Panda, kwenye nyumba moja ya zamani ya kambi ya wafanyakazi. Ungekichukia. Upepo wa viwanda unaingia moja kwa moja, na jirani akitundika nguo nyeupe zinarudi na vumbi. Nimefanya nilivyoweza. Niliifuta ndimu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana, kitambaa juu ya kitambaa mpaka harufu ikaisha, nikaikausha papo hapo. Kijani kimetoka. Weusi hautatoka, manjano haitarudi, najua. Nimepaka verni juu ya weusi wenyewe, angalau usiendelee kula. Mnyororo unalala ndani ya kitambaa. Pale pa kidole chako nilipaka mwishoni, nimeshika pumzi.

Lakini bado sijaibeba nje, Mama. Ninaificha. Watu wa avenyu yetu wamekwisha kusikia. Mwanamke mmoja aliyekuja ofisini kuandikisha mtoto aliniona, akaenda kupanga mstari kwenye dirisha lingine. Hawasemi tena kwamba roho ya mfu iko ndani ya sakoshi. Wanasema imehamia ndani yangu.

Kila Jumamosi ninakwenda kumsalimia Baba, mikono mitupu, bila sakoshi yoyote, kila kitu kwenye mfuko wa nguo. Juma moja tu nilipeleka ndizi. Juma lililofuata nilizikuta palepale juu ya ukuta nilipoziweka, zimekuwa nyeusi nazo. Tantine anajibu salamu yangu kutoka jikoni, bila kutoka. Miguu ya Baba haipungui. Anakataa hospitali, anasema ile ya figo ameshaiona inavyofanya kazi.

Juzi nilikaa naye barazani, pale pale ulipokuwa unakaa. Kisha Tantine akaenda uani kuchota maji, na Baba, bila kunigeukia, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Ulipakaa?"

"Ndiyo, Baba."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Niliacha ikauke katikati."

Akaitikia kwa kichwa. Tulisikia ndoo inawekwa chini. Akaongeza haraka, kwa sauti ndogo, "Na sachet?"

"Hapana, Baba. Kitambaa."

"Bon, vizuri," akasema. Akafumba macho, kwa sababu Tantine alikuwa anarudi.

Ndilo nililotaka ulijue. Anaogopa, na mimi ninaogopa, lakini sote wawili tunakutunza, yeye kwa kuuliza, mimi kwa verni.

Mama, Baba hatakaa sana. Nimeona kucha zake, zina rangi ile ya kucha zako mwishoni. Na siku ile ikifika wataulizana nani alikataa moto, na wote watatazama upande wangu. Ninaijua siku hiyo kabla haijaja. Hofu ina faida hiyo moja, inakutangulia njiani.

Kwa hiyo ninakuahidi, na ninaandika ahadi hii polepole ili nisiweze kuikana. Watakaponiita kwa matanga ya Baba, sitakuja mikono mitupu. Nitakuja nayo, mchana, kwa njia kubwa, kifungo kikiangalia mbele. Wakisogea, wasogee. Wakinipa mkeka wa pembeni, nitaketi. Nitaipakata kama ulivyoipakata wewe, hata mkono ukifa ganzi, na sitaiweka chini.

Lala, Mama. Verni inakauka, sipulizi tena.

Mimi, Mamu wako.