Bani Limekwama Ukurasa wa Sita

Mpendwa Mwalimu Koku,

Usishtuke kukuta jina lako gazetini. Barua mbili nilizokutumia kwa posta zilirudi Songea zimechoka kuliko mimi. Wengine wanasema ulihamishiwa Biharamulo, wengine Ngara. Mimi niliyelala Lusaka mara mbili, niliyekula chipsi Lilongwe nimekunja nne, nimeshindwa kukupata ndani ya nchi yetu wenyewe.

Unakumbuka kibanda changu cha gemu pale karibu na stendi? Runinga nne, mashine nne kutoka Kariakoo, na mimi mlangoni na miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu kafungua kitu, lakini ukitaka gemu Songea nzima ulikuja kwangu. Wewe ulikuja kutafuta watoro wa somo lako la hesabu. Ukawakuta wanne. Badala ya kuwakamata masikio, ukasimama nyuma yao robo saa nzima, kisha ukanigeukia.

"Injinia, mbona runinga zote nne ni mpira na ngumi?"

"Ndivyo vinavyochezwa, mwalimu."

"Vinachezwa kwa sababu ndivyo vilivyopo."

Nikakufungulia soda.

Likizo ile nikakupeleka Lusewa kwa baba, nikijisifu njia nzima. Ukapiga magoti, "Shikamoo mzee." Baba akaitikia, akanitazama, akakuuliza, "Huyu ndiye aliyekuleta? Pole sana." Mchana ule akakuonyesha bani, kile kibanda cha kukaushia, cha miti na udongo, majani ya tumbaku yamening'inia kwenye fito mpaka darini, na chini moto unafuka taratibu. Akakwambia, "Moto huu unalishwa kama mgonjwa, mwalimu. Kidogo kidogo. Ukiunyima, jani linaota ukungu. Ukiushibisha, unakula bani zima." Ukamuuliza kama moto uliwahi kumlia lake. Baba akanitazama mimi. Mimi nikaanza haraka habari za Lusaka.

Uliporudi mjini ulitengeneza gemu yako. Daftari la hesabu la mirabamiraba, kila ukurasa hatua moja ya kukausha. Punje za mahindi ndizo kuni, kizibo cha soda unakirusha kujua upepo umekaaje. Uliniambia wenye mashine wakiipenda wataitia kwenye runinga. Ukurasa wa saba, ule wa kufungua bani, uliupaka rangi, ukaubandua, ukautuma peke yake Ulaya, kwa kampuni kubwa ambayo anwani yake uliikuta nyuma ya boksi la kaseti zangu. Ulitaka kitu kimoja tu: watu wasiokujua wakae chini wacheze kitu chako.

Jibu lilichukua miezi, likaja kwenye karatasi nzuri kuliko cheti cha ndoa. Ukanitafsiria ukiwa umesimama mlangoni. Walikushukuru sana. Walisema kwa sasa wanaendelea na aina za gemu ambazo wateja wameshazizoea. Ukurasa wako hawakuurudisha.

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. "Watu wana maghorofa, wanaogopa karatasi ya mwalimu!"

Wewe hukucheka. "Vizuri. Wewe huna ghorofa. Nipe meza moja hapo pembeni, Jumamosi tu."

"Mwalimu, Jumamosi ni ya mpira. Na kwenye hiyo gemu yako, nani anamfunga nani?"

"Hakuna anayefungwa. Moto ukimzidi jirani, unaamua: unakwenda kumsaidia, au unabaki na wako."

"Basi hakuna atakayekaa."

Ukaikunja ile barua polepole. "Umesema yaleyale waliyosema wao. Ila wao wameandika kwa adabu."

Koku, nilikutangazia wewe na mji mzima kwamba niliacha shule kwa sababu biashara ilikuwa inaniita. Haikuniita. Nilikuwa darasa la tano bani la baba lilipoungua, alasiri moja tu, majani ya mwaka mzima. Mwaka uliofuata baba aliuogopa moto, akaulisha kiduchu, jani lote likaota ukungu. Mwaka wa kwanza ulichukuliwa na moto, wa pili na woga, na mimi nikaishia darasa la sita, nikaenda kubeba mizigo stendi. Ndiyo maana ulipotaka meza moja, mimi niliona moshi.

Kwa hiyo yule aliyekuandikia simcheki tena. Huenda nao waliwahi kujaribu kitu kigeni kikawatafuna, wakawatazama wafanyakazi wao wakifungasha kwenda nyumbani. Mwenye ghorofa ana wengi wa kuwaogopea kuliko mimi mwenye mabati. Namwonea huruma. Ila jani linaota ukungu.

Siku ya uhamisho wako ulinipa lile daftari kwenye mlango wa basi. "Kaa nalo, Injinia. Utafungia karanga." Nikajibu kwa mzaha, sikumbuki upi. Basi lilipokata kona nilivaa miwani yangu, na jua halikuwepo.

Sasa sikia nisichokuwa na ujasiri wa kukuambia. Jumamosi moja, kibanda kimejaa, mpira ukiwa pale panaponoga, umeme ukakatika. Wakaanza kelele, "Rudisha hela! Injinia gani huna hata jenereta!" Kwa woga tu, nikavuta daftari lako chini ya kaunta, nikamwaga punje mezani. Wakakaa wawili, wakawa watano. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima na kitambi chake, aligoma kumsaidia jirani, akazomewa mpaka akakubali. Umeme ukarudi. Runinga zote nne zikawaka, mpira ukalia. Nikasema, "Haya, umeme huo." Hakuna aliyegeuza kichwa. Yule dereva akanijibu, "Ngoja kwanza, bani la huyu litaungua."

Wasiokujua, Koku. Wamekaa chini.

Nimetoa runinga moja. Pale ilipokuwa ipo meza yako, na Jumamosi za mpira haiondoki. Wapo wanaoniambia nimechanganyikiwa, na mapato yameyumba kweli, sitakudanganya. Mwezi uliopita baba alikuja kutoka Lusewa, akacheza, akalisha moto wake vizuri mpaka mwisho. Halafu akauliza kama wote wanavyouliza: "Sasa linafunguliwaje?"

Sijui. Ukurasa wa saba upo Ulaya kwenye droo ya mtu. Kila mmoja amebuni wake, wanagombana, na wakikaribia kukubaliana anatokea mmoja anasema, hapana, mwalimu hakuweka hivyo. Uchore tena. Hata kwa penseli. Kama unaweza kuuleta mwenyewe, kiti ni kile cha karibu na mlango, na soda ninayo.

Sisi huku moto tunao, hatujauzima.

Ni mimi uliyeniita Injinia, rafiki yako aliyeishia darasa la sita,
Songea